Kuzuia moto kichaa vijijini: mwongozo kamili kwa wenye mashamba, miti, mizinga na matanuru

Moto mwingi unaounguza mashamba ya watu na misitu huku kwetu haukuwashwa na mtu mwenye nia mbaya. Uliwashwa na mtu anayesafisha shamba, anayerina asali, anayechoma mkaa au anayemwaga majivu ya jikoni. Na mara nyingi hauponyoki wakati watu wamesimama pale wakiutazama. Unaponyoka kesho yake saa saba mchana, wenyewe wakiwa nyumbani wakiamini umeshazimika, upepo unapofika kwenye kisiki kilichokuwa kinaungua ndani kwa ndani usiku kucha. Kwa sababu hiyo, sehemu muhimu kuliko zote katika mwongozo huu ni ya kuzima.

Maelezo haya yamelenga zaidi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania (Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete) na maeneo ya miombo kama Tabora na Katavi. Huko mvua hukatika kati ya Aprili na Mei, na nyasi hukaa kavu hadi Novemba. Aliye Kenya, Uganda au kwingine mwenye misimu miwili ya mvua ahesabu kwa kiangazi chake. Kanuni ni zile zile.

Kwanza: je, ni lazima uchome?

Jiulize swali hili kabla ya kununua kiberiti. Mabua ya mahindi, majani ya maharage na magugu laini hayahitaji moto. Yalaze kwa mistari katikati ya matuta, yataoza, yatashika unyevu na kupunguza palizi. Ukiyachoma unabaki na majivu ambayo upepo wa Septemba utayapeleka kwa jirani, na udongo mtupu ambao mvua ya kwanza itauteremsha bondeni. Matawi ya miti iliyopogolewa yakatwe vipande vya hatua moja, ya kuni yatolewe, yaliyobaki yalazwe chini yaguse udongo. Tawi lililogusa ardhi huoza, lililoning'inia juu ya mengine hubaki kuni ya moto kwa miaka.

Moto una sababu pale penye visiki na magogo mengi ya shamba jipya, mimea yenye ugonjwa, au matete na mabingobingo mazito yasiyolimika kwa jembe. Kama shamba lako haliko katika hali hizo, acha kiberiti nyumbani na uruke hadi sehemu ya nyuki, mkaa na majivu.

Msimu, siku na saa

Moto wa Juni na moto wa Oktoba ni viumbe viwili tofauti. Mei mwishoni hadi Juni nyasi zina ubichi chini, usiku kuna umande, moto hutambaa na mara nyingi hujizima wenyewe ukifika kivulini. Oktoba kila kitu kimekauka hadi mizizi, upepo una nguvu, na miti ya miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa wakati huo huua chipukizi, huunguza magome, na hupanda juu ya miti. Kwa hiyo kama utachoma, choma mapema. Kuanzia katikati ya Agosti hadi mvua zishike, usichome chochote shambani.

Kuhusu saa, wengi hukosea kwa nia njema. Wanachoma asubuhi wakifikiri kuna ubaridi na umande. Kweli, saa moja asubuhi moto ni mpole. Lakini mbele yake kuna saa tano, saa saba, saa tisa, jua linapanda na upepo unaamka, na moto uliouwasha mpole unakuwa mkali mikononi mwako. Washa saa kumi jioni. Kuanzia hapo jua linashuka, unyevu wa hewa unapanda, upepo unatulia, na kila nusu saa inayopita inakusaidia wewe badala ya kuusaidia moto. Maana yake ni kwamba una saa mbili hivi za mwanga, kwa hiyo usichome eneo kubwa kuliko linaloweza kumalizika kabla ya saa kumi na mbili. Kwa watu wanne wenye vifaa, nusu ekari inatosha. Shamba la ekari mbili lichomwe kwa siku nne, wala si lazima ziwe za kufuatana.

Siku yenyewe ipime hivi:

- Vunja bua la nyasi. Likipinda bila kukatika, bado lina unyevu. Likikatika kwa mlio, nyasi ni kavu na moto utaenda mbio. Fikicha majani makavu kiganjani. Yakiwa unga, ahirisha.
- Angalia matawi madogo. Yakitikisika mfululizo au vumbi likipanda barabarani, ahirisha.
- Angalia moshi wa majiko ya kijijini. Ukipanda wima na kupinda kidogo juu, sawa. Ukilala chini, ahirisha. Ukibadili mwelekeo kila mara, ahirisha pia, maana hutajua moto utaelekea wapi.

Kwa wenye simu zenye utabiri wa hali ya hewa kuna kipimo rahisi cha kukumbuka. Joto likizidi nyuzi 30, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 30, na upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, hiyo ni siku ya hatari kubwa. Hata viwili kati ya hivyo vitatu vinatosha kukuzuia. Na usiangalie siku moja tu. Angalia na mbili zinazofuata, kwa sababu mabaki yako yatakuwa bado na moto ndani.

Ruhusa na majirani

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ina vifungu kuhusu uchomaji, na vijiji vingi vina sheria ndogo zao zenye faini na tarehe za marufuku. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, useme unachoma wapi, siku gani, saa ngapi, na watu wangapi. Ukipewa kibali, kisome. Kuna vinavyotaka mjumbe wa kamati ya maliasili awepo siku ya kuchoma, na mtu huyo ni msaada kwako pia, kwani anajua njia za kupita na nani wa kumwita.

Majirani wanaopakana nawe waambie angalau siku mbili kabla, ana kwa ana. Mwenye nyumba ya nyasi ataondoa vitu vyake, mwenye ng'ombe atawahamisha, mwenye mizinga atajiandaa. Shamba likipakana na msitu wa hifadhi, taarifa ifike pia kwa ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu.

Barabara ya moto

Hapa ndipo kazi ya jembe ilipo, na ndipo uvivu hulipwa kwa gharama kubwa. Barabara ya moto ni ukanda uliosafishwa hadi udongo uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi. Nyasi zilizofyekwa na kuachwa palepale hukauka ndani ya siku tatu, na moto hupita juu yake kama umetandikiwa jamvi.

Upana unategemea kinachowaka. Nyasi za urefu wa goti zinahitaji mita 3. Nyasi za kifuani zinahitaji mita 5 au 6. Matete marefu kuliko mtu, au marundo ya matawi, yanahitaji mita 10, na hata hapo yafyeke kwanza na kuyalaza ili ndimi zisipande. Upande wa juu wa mteremko ongeza nusu ya upana. Moto unaopanda mlima hukausha nyasi zilizo mbele yake kabla ya kuzifikia, na kwa kila nyuzi 10 za mteremko kasi yake huongezeka karibu mara mbili. Upande unakoelekea upepo uongeze vivyo hivyo.

Fyeka kwanza, halafu kusanya kwa reki, halafu lima kwa jembe kina cha vidole vinne ili mizizi ya nyasi ikatike. Takataka zote zirushwe ndani, upande utakaochomwa, na zisiachwe ukingoni. Zitawanye angalau mita 3 kutoka barabarani. Wengi huzirundika pembeni, kumbe wanajenga rundo kubwa la moto mahali ambapo cheche zina safari fupi zaidi ya kuvuka.

Kisha tembea barabara nzima ukitafuta madaraja. Gogo lililolala kukatiza ni daraja. Mizizi mikubwa iliyokauka inayopita chini ya udongo ni daraja ambalo halionekani, moto hutambaa ndani yake na kuibukia upande wa pili baada ya siku mbili. Matawi ya mti wa huku yanayogusana na ya mti wa kule ni daraja la juu. Yakate yote. Mti mkavu uliosimama ndani ya mita 15 kutoka mpakani uangushwe kuelekea ndani, kwa sababu ukishika moto huko juu utakuwa kama mwenge unaorusha cheche juu ya kazi yako yote.

Lima barabara hii mwezi wa Aprili au Mei, udongo ukiwa laini. Ipitie tena wiki moja kabla ya kuchoma.

Watu na vifaa

Kwa nusu ekari, wawe wanne wazima. Mmoja anawasha, wawili wanalinda mpaka, mmoja anazunguka na maji. Watoto wasiwepo, hata wa kuchota maji. Mmoja awe kiongozi na neno lake liwe la mwisho. Moto ukianza kuyumba hakuna muda wa majadiliano.

Andaa madumu sita ya lita 20 yaliyojaa, yakiwa yamegawanywa pembe zote za shamba. Andaa pampu ya mgongoni ya lita 15 au 16, ile ya kunyunyizia mimea, iliyooshwa vizuri mara tatu. Weka ndani yake kijiko kimoja cha sabuni ya maji, kwa sababu maji matupu huteleza juu ya majivu na majani makavu bila kupenya, na sabuni huyasaidia kuzama. Majembe mawili, reki moja, panga. Na vipigio viwili: mti wa mita 2 wenye kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kama sentimita 30 kwa 45, kilichofungwa kwa waya mwishoni. Usipokuwa navyo, matawi mabichi yenye majani mengi yatafaa.

Kipigio hakipigwi kama fimbo ya kuulia nyoka. Ukiinua juu na kupiga kwa nguvu unatawanya cheche nyuma yako. Lalia mwali, bonyeza, kisha buruta kuelekea upande ulioungua.

Nguo ziwe za pamba, za mikono mirefu, na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni na jezi za mpira wa miguu huyeyuka na kushika ngozi.

Kuwasha

1. Kiongozi anaamua njia ya kukimbilia, na kila mtu aionyeshe kwa kidole. Njia nzuri huelekea eneo lililoungua, shamba lililolimwa au mto. Isiwe ya kupanda mlima.

2. Washa moto wa majaribio, hatua mbili kwa mbili, kwenye pembe ambako upepo unaelekea. Utazame kwa dakika kumi. Ukienda kasi kuliko mtu anayetembea, au ndimi zikipita kiunoni, uzimeni na mrudi siku nyingine. Hapo bado kurudi nyuma ni rahisi.

3. Ukitulia, endelea kuwasha kando ya barabara ya moto ya upande huo huo, hatua tano kwa tano. Moto sasa unalazimika kwenda kinyume na upepo, polepole, ndimi zikilalia mahali palipokwisha kuungua. Kwenye mteremko anza juu ili ushuke. Upepo ukipanda mlima, hayo mawili ni kitu kimoja. Upepo ukishuka mlima, mambo yanapingana, na ushauri wetu ni kuahirisha.

4. Ngoja hadi ukanda mweusi upanuke kufikia mita 10 hivi. Hapa subira ndiyo inayoshinda. Watu huona moto unachelewa, wanachoka, wanakwenda kuwasha upande wa pili ili umalizike haraka. Moto ule wa upande wa pili unakuja na upepo mgongoni, na ukanda mweusi wa mita 2 hauwezi kuuzuia.

5. Washa kingo za pembeni, pande zote mbili kwa pamoja, mkisogea polepole kuelekea upepo unakotoka. Upande wa mwisho, ule unakotoka upepo, uwashwe tu pale ambapo sehemu tatu nyingine zimekwisha kuwa nyeusi.

Marundo ya matawi yachomwe moja moja. Rundo lisizidi kimo cha kiuno na upana wa hatua mbili. Anza na dogo, kisha lishe taratibu kutoka marundo mengine. Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake hutambaa chini bila kuonekana na hulipuka usoni kwa mwenye kiberiti.

Walinzi wa mpaka wasitazame moto. Watazame nje, upande usiotakiwa kuungua. Cheche ikivuka, dakika mbili za kwanza inazimwa kwa mguu na dumu moja. Baada ya dakika kumi inahitaji kijiji.

Kuzima mpaka uzimike

Sasa nyasi zimeungua, moshi umepungua, giza linaingia, watu wana njaa. Saa hii ndiyo ya hatari kuu, kwa vile kila mtu anahisi kazi imeisha.

Zima ukanda wa mita 10 kutoka mpakani kuelekea ndani, kuzunguka shamba lote. Kama pana visiki na magogo mengi, zima mita 30. Pita kwa hatua fupi. Giza ni rafiki yako hapa, zima tochi kwa muda na utaona kila kaa linalong'aa.

Kwa kisiki: chimba kuzunguka hadi mizizi mikubwa ionekane, kwaruza kwa jembe sehemu zote zinazowaka hadi ufikie mti mzima, mwaga maji, geuza udongo, mwaga tena. Kisiki kimoja kikubwa kinaweza kunywa dumu zima. Usikifukie tu kwa udongo mkavu. Udongo juu ya makaa ni blanketi: hupunguza hewa bila kuimaliza, joto linabaki, na siku ya tatu kisiki kinafuka moshi tena. Ukikosa maji, fanya kinyume chake. Tawanya makaa, yakoroge na udongo baridi kwa jembe hadi kusiwe na donge, kisha yaache wazi yapoe.

Kwa gogo: ligeuze, chini yake ndiko moto unakojificha. Kwenye mteremko lilaze ncha moja juu na nyingine chini, au liwekee mtaro, lisije likabiringika usiku likivuka mpaka. Mti wenye tundu shinani na unaotoa moshi juu kama bomba, huo ni tanuru lililosimama. Uangushwe au ujazwe maji na udongo wa tope hadi moshi ukatike. Samadi kavu ya ng'ombe na tabaka nene la majani ya misonobari huungua chini kwa chini bila mwali. Chimbua hadi udongo.

Kipimo cha mwisho ni mkono. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu, usiyaguse kwanza. Ukihisi joto, mwaga maji. Yakipoa, zamisha vidole. Mpaka wote unapaswa kupita kipimo hiki.

Mtu mmoja alale pale au arudi saa nne usiku. Asubuhi rudini wote. Kisha rudi saa sita hadi saa tisa mchana, siku ya pili, ya tatu, na kama palikuwa na visiki vikubwa, hata ya saba. Mchana ndipo upepo unapofufua kilichobaki. Ukienda asubuhi peke yake utaona shamba tulivu na kudanganyika.

Nyuki

Urinaji wa kienyeji kwa mwenge wa magome au nyasi ni chanzo kikubwa cha moto wa miombo. Mrinaji yuko juu ya mti, usiku, mwenge mkononi, cheche zinadondoka kwenye majani makavu asiyoyaona, na nyuki hawampi nafasi ya kushuka kukagua.

Tumia bomba la moshi lenye kifuniko. Likiwa halipatikani dukani, fundi bati anaweza kulitengeneza. Weka ndani magunzi ya mahindi, samadi kavu au vipande vya gunia la katani, washa vizuri, kisha juu kabisa, karibu na mdomo, weka konzi ya nyasi mbichi. Nyasi hizo hupoza moshi na kushika cheche. Kabla ya kupanda, fagia chini ya mzinga mduara wa mita 5 hadi udongo, na mwenzako abaki chini na dumu la maji. Bomba likiwekwa, liwekwe kwenye udongo mtupu au ndani ya ndoo ya bati, kamwe si juu ya nyasi. Ukimaliza, ziba mdomo kwa nyasi mbichi likose hewa, lirudi nyumbani kwenye ndoo. Usimwage makaa porini hata kama yanaonekana meusi.

Mkaa

Tanuru la udongo lijengwe mahali palipolimwa mita 10 kila upande. Lisiachwe bila mtu, usiku wala mchana, tangu kuwashwa hadi kuzibwa. Likizama upande mmoja au likipasuka, hewa huingia na mwali hutoka. Ziba papo hapo kwa udongo wenye unyevu na majani mabichi, kwa hiyo rundo la udongo na dumu la maji viwe tayari muda wote. Moshi ukibadilika kutoka mweupe mzito kuwa mwembamba wa samawati, ziba matundu yote na uache siku mbili au zaidi.

Wakati wa kupakua, toa kidogo kidogo, tandaza tabaka jembamba, maji karibu. Mkaa mpya ukikutana na hewa unaweza kushika moto wenyewe. Uache wazi saa 24 ukiutazama kabla ya kutia kwenye gunia. Gunia la mkaa wa moto limeunguza maghala na malori, na likiwekwa kando ya njia huunguza pori.

Majivu, moto mdogo, pikipiki na mashine

Majivu ya mafiga hushika makaa hai hadi siku mbili au tatu. Chimba shimo la nusu mita nyuma ya jikoni, mbali na nyasi na nje ya njia ya upepo, mwaga maji juu ya majivu kila mara, funika kwa bati. Jalala la maganda na mabua si mahali pa majivu.

Moto mdogo wa kupasha chakula nao uheshimiwe. Oktoba 11 mwaka 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ziliuhusisha na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda mlima kuuzima. Ukichoma mahindi au muhogo shambani, lima mduara wa mita 2, chimba shimo dogo, na usiondoke hadi majivu yawe tope. Vijana wanaowinda panya na ndezi kwa kuwasha vichaka waambiwe wazi, na wazazi wao pia, wapi hapaguswi.

Pikipiki isiegeshwe kwenye nyasi kavu baada ya safari. Bomba lake la moshi lina joto la kutosha kuwasha. Trekta lisafishwe nyasi zilizonasa karibu na bomba kila baada ya saa chache. Msumeno wa mnyororo ujazwe mafuta penye udongo mtupu, ukiwa umezimwa na umepoa, kisha usogee mita 3 kutoka hapo kabla ya kuuwasha.

Wenye mashamba ya miti

Misonobari na mikaratusi ya wakulima wadogo hupandwa ikigusana shamba kwa shamba, kiasi kwamba moto ukiingia kwa mmoja huwafuata wote kilima kizima. Acheni mita 10 kati ya mashamba, kila mmoja akitoa 5. Ukanda huo ulimeni pamoja kila Mei na kuupalilia Agosti. Ndani, eneo linalozidi ekari 10 ligawanywe kwa njia za mita 5 au 6. Miti ya msonobari ikifika kimo cha kutosha, pogoa matawi ya chini hadi mita 2, na yaliyopogolewa yaondolewe mita 10 za kwanza kutoka ukingoni. Matawi makavu ya chini ndiyo ngazi inayoupandisha moto wa nyasi hadi vileleni, na ukishafika vileleni hakuna jembe litakaloufikia. Magome ya mikaratusi yanayobanduka hupeperuka yakiwaka na kutua mbali, kwa hiyo upande wa nyumba na upande wa upepo yakusanywe.

Usipande chini ya nyaya za umeme. Ukiona mti unakaribia waya, toa taarifa TANESCO, shirika la umeme, usikate mwenyewe.

Ukiponyoka

Piga yowe au kengele ya kijiji kwanza, kabla ya kukimbilia moto. Piga simu 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania, na ofisi ya misitu. Taja kitongoji, alama iliyo karibu na barabara inayopitika.

Usisimame mbele ya moto wala juu yake kwenye mteremko. Ndimi zikipita kimo cha mita moja, kipigio hakifai mbele yake. Ingia kutoka nyuma, kwenye eneo lililoungua, ufuate pembeni pande mbili, mkiubana hadi kichwa kiwe chembamba. Watu waende wawili wawili. Mkizidiwa, rudini nyuma ya barabara, mto au shamba lililolimwa, na mpanue ukanda huo. Kuwasha moto wa kukutana na moto ni kazi ya waliofunzwa, wasiofunzwa hujizungushia.

Ukizingirwa, tafuta upenyo wa kuingia eneo jeusi mahali ambapo ndimi ni fupi. Ukishindwa, lala kifudifudi kwenye udongo mtupu au mtaroni, uso chini, ufunikwe kwa kitambaa cha pamba.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete na nguo zisizogandamana na ngozi. Asipakwe dawa ya meno, mafuta, wala yai. Funika kwa kitambaa safi, apelekwe kituo cha afya.

Moto ukidhibitiwa, hesabuni watu kwa majina. Kisha pangeni zamu za usiku na za mchana kwa siku tatu, mkipita mpaka mzima kwa kipimo kile kile cha mgongo wa kiganja.